Kanga ya Njano na Ng'ombe wa Rezini

Bi Rahila Nyange aliwatengenezea watu meno ya bandia kwa miaka thelathini na mitatu, na katika meno yote hayo hakuna hata moja alilolipaka rangi. Hapo ndipo matatizo yake yalipoanzia alipostaafu.

Kazi yake ilikuwa katika chumba cha nyuma cha hospitali, mahali ambapo mgonjwa hafiki. Daktari alikuwa akimletea chapa ya ufizi, naye humimina plasta, akajenga umbo kwa nta, akapanga meno moja moja, akapika, akasugua mpaka yakang'aa. Rangi ya ufizi ilikuja imo ndani ya unga wenyewe, na weupe wa jino ulikuja na jino. Hata leo akipita sokoni Chake Chake na mtu akamchekea, Bi Rahila hutazama mdomo kwanza, ndipo akatazama uso. Wako wazee ambao majina yao ameyasahau lakini meno yao anayajua.

Siku za mwanzo za kustaafu alikaa nyumbani kwake Madungu, akafagia ua uliokwisha fagiwa, akapanga kabati lililokwisha pangwa. Mwanawe Ashraf, anayefanya kazi Unguja, alipokuja sikukuu akamkuta mama yake anachonga sabuni ya kufulia kwa kisu cha jikoni, amekwisha kuipa nundu na pembe. Baada ya mwezi akatuma kwa boti boksi lenye chupa mbili za rezini, mkebe wa silikoni ya kutengenezea kalibu, na vikopo kumi na viwili vya rangi.

Mikono ya Bi Rahila ilielewa mara moja. Maji mawili mazito, unayachanganya kwa kipimo, unayamimina kwenye kalibu, na baada ya muda unatoa kitu kigumu kama mfupa. Tofauti na meno ilikuwa ndogo. Akafinyanga ng'ombe wa udongo mwenye urefu wa kidole, akamtengenezea kalibu ya silikoni, akaipaka ndani mafuta ya kupaka watoto ili umbo lisigande, akamimina. Kesho yake alikuwa na ng'ombe watano wa kijivu wamesimama juu ya meza ya jikoni, na mmoja wao alikuwa Shauri Yako.

Shauri Yako alikuwa ng'ombe dume wa baba yao, kule Mgogoni, zamani Rahila akiwa mtoto wa miaka tisa. Hakulima wala hakukokota gari. Alilishwa kwa ajili ya mchezo wa ng'ombe, na siku ya mchezo watu walikuja kwa miguu kutoka vijiji vya mbali, wanawake wakiimba, zumari ikilia, mpaka vumbi la kiwanja likawa linaingia hadi kwenye vyungu vya jirani. Na aliyekuwa akimchezea Shauri Yako, mwenye kusimama mbele yake na kitambaa mkononi na kukwepa wakati pembe zimekwisha fika kiunoni, alikuwa kaka yake Rahila, Ngwali, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye shingo yake ndefu ilijulikana kuliko jina lake.

Kiwanja kile sasa kina nyumba na mnara wa simu. Ngwali naye ana miaka sabini na kitu, anaishi Vitongoji kwa mkewe, Bi Mwanamize, na presha ya macho imemla. Jicho la kulia limekwisha kufa. La kushoto huona kidogo, jua likiwa kali na kitu kikiwa karibu na pua. Daktari alisema watajitahidi lisizidi kupotea, lakini hakuahidi.

Kwa hiyo Bi Rahila alikuwa na haraka. Alitaka kaka yake auone mchezo tena wakati bado kuna jicho la kuuonea. Akatengeneza ng'ombe, akatengeneza mpiga zumari, wanawake wawili wa kuimba, na Ngwali mwenyewe akiwa amejipinda na kitambaa mkononi. Nyuso hakuzichonga. Alikwenda kumuuliza maalimu wa chuo cha Kurani cha jirani, na maalimu akamwambia kama ni lazima afanye, basi asiwatie macho wala pua wala mdomo, nao wabaki kuwa vitu vya kuchezea. Bi Rahila akaona hilo halimpunguzii kitu. Mtu humjua mwenziwe kwa namna anavyosimama. Watoto wa mtaani wakaviita bandia, kwa kuwa walimjua kwa meno ya bandia, na jina likabaki hivyo.

Akazipaka rangi zilizokoza. Ng'ombe mweusi, mchanga wa kahawia chini ya miguu, shati jeupe la Ngwali, na kitambaa chekundu. Zilipokauka alizifunga kwenye pamba, akapanda gari ya asubuhi kwenda Vitongoji.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa Rajabu, jua limepamba moto. Bi Mwanamize alitoa kiti barazani, Ngwali akaketi, na dada yake akamtilia kiganjani yule bandia mwenye shingo ndefu. Ngwali alimpapasa kwa kidole gumba. Akapapasa mgongo uliojipinda, akapapasa mkono ulionyooka. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba huyu ni yeye.

Lakini kidole hakikuacha kupapasa, na kila kilipopita, rangi ilivimba kidogo, ikachanika, ikatoka kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Alipomsogeza karibu na jicho lake la kushoto apate kumwona, hapakuwa na shati wala kitambaa. Palikuwa na jiwe la kijivu, na juu ya kanzu yake vipande vyekundu vimetawanyika. Bi Mwanamize, ambaye hakujua kunyamaza ilipofaa, alisema, "Wifi, bandia yako inapukutika."

Ngwali alisema haidhuru, umbo linatosha. Aliendelea kumshika, na dada yake akaendelea kutazama vile vipande vyekundu kwenye kanzu. Miaka thelathini na mitatu hakuna kazi yake iliyorudishwa kwa kuharibika mikononi mwa mtu. Alirudi Madungu na boksi lake mapajani, na jirani aliyekaa naye garini alipomsalimia alijibu salamu nusu.

Kwanza aliilaumu rangi. Akampigia Ashraf, akamwambia ameuziwa rangi mbovu. Ashraf akauliza kwa muuzaji, muuzaji akasema rangi ni nzima. Bi Rahila akapaka tena, safari hii mikono mitatu mizito, tabaka juu ya tabaka, na rangi ikatoka kwa urahisi zaidi, ganda zima, unaweza kumvua ng'ombe koti lake jeusi ukabaki nalo mkononi. Akajaribu kupaka gundi chini ya rangi. Ikawa vibaya zaidi. Wiki mbili zikapita hivyo, mvua za rasharasha zikaanza, na moyo wake ukamwambia aache, akalime mchicha kama wastaafu wenzake.

Jibu lilitoka kwenye beseni la vyombo. Asubuhi moja alikuwa akiosha sahani, na kiwiko chake kikampiga ng'ombe mmoja aliyekuwa ukingoni mwa meza, akatumbukia ndani ya maji yenye povu. Bi Rahila akamtoa, akaona ana mafuta ya mchuzi, akamsugua kwa mswaki mkuukuu aliokuwa akisafishia birika, akamsuuza, akamweka dirishani pamoja na vijiko. Jioni alimpaka rangi pamoja na wenziwe wanne, bila kufikiri lolote. Baada ya siku mbili alipowakwaruza kwa ukucha kuwajaribu, wanne walichubuka. Mmoja hakuchubuka.

Alikaa chini kwenye kigoda cha mbuzi ya nazi akamshika yule ng'ombe muda mrefu. Ndipo alipomsikia Bwana Talib.

Bwana Talib alikuwa mkuu wake wa kwanza pale hospitalini, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, sasa amekwisha tangulia mbele ya haki. Rahila alikuwa ndiyo kwanza ametoka masomoni Dar es Salaam, anajiona anajua. Seti yake ya kwanza ya meno ilirudi baada ya wiki, mgonjwa ameleta meno matatu kwenye karatasi, yameng'oka akila muhogo. Rahila akasema unga ulikuwa mbaya. Bwana Talib hakugomba. Alimuuliza neno moja tu, kama ameosha. Kwa sababu nta ile ya kujengea umbo huacha utando ambao jicho halioni, na usipoichemsha ukaisafisha kwa maji moto na sabuni kabla ya kupachika, jino halishiki, linakaa tu juu ya mafuta likisubiri muhogo. Kwa miaka yote iliyofuata, Rahila hakupachika jino bila kusikia kichwani swali lile, umeosha.

Na sasa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alikuwa akipaka mafuta ya mtoto ndani ya kalibu, kisha akitoa bandia yenye mafuta na kuipaka rangi hivyo hivyo. Alicheka peke yake jikoni, kisha akaona machozi yanamtoka. Hakujua ni ya kumkumbuka Bwana Talib au ya kuona haya.

Tangu siku hiyo akaanza upya, na akaifanya kazi kama ilivyofaa ifanywe. Alichukua maji ya uvuguvugu akayatia matone ya sabuni ya vyombo. Alijua yasiwe ya moto, kwani mara ya kwanza alipotumia maji yaliyotoka jikoni, miguu ya mpiga zumari ililegea akapiga magoti. Akajifunza na faida ya hilo: mkono uliotoka kwenye kalibu umepinda huutia maji moto kidogo, akaunyoosha kwa vidole, akauzamisha kwenye maji baridi, ukabaki ulivyonyooshwa. Alizisugua bandia kwa mswaki laini, kwenye mikunjo ya nguo, chini ya tumbo la ng'ombe, kwenye kwapa. Alizisuuza maji mawili. Akaziacha chini ya kawa la kufunikia chakula usiku kucha na mchana wake, zikauke hata ndani ya mikunjo.

Zilipokauka alikwangua kwa wembe ule mstari mwembamba ambao kalibu huacha ubavuni, na palipokuwa na kinundu alipiga msasa laini uliolowa, barakoa usoni, kama walivyofundishwa kazini kwamba unga wa vitu hivi si wa kuingia kifuani. Kisha akaosha tena, kwa sababu unga wa msasa nao ni uchafu. Baada ya hapo hakuzigusa kwa mkono mtupu. Alizigandisha kwa chini kwenye vifuniko vya chupa, akawa anashika kifuniko, maana vidole vya mpishi vina mafuta hata vikionekana safi.

Iliyobaki ilikuwa praima, rangi ile ya chini ambayo rangi nyingine hushikilia. Ashraf alimtumia kopo la kupuliza. Bi Rahila alipuliza siku ya mvua, na bandia zikatoka na vijipele kama ngozi ya mtoto mwenye joto. Akazipiga msasa, akaziosha, akaanza tena. Safari ya pili alisubiri. Siku nne alitoka uani asubuhi akatazama mawingu, akarudi ndani. Siku ya tano kulikucha kukavu, akapuliza mkono mmoja mwepesi kwa mbali, akaacha ukauke, akapuliza wa pili. Bandia zikawa na weupe uliofifia, kila mkunjo unaonekana. Juu ya hapo rangi ilikaa kana kwamba imezaliwa nazo. Alizikwaruza kwa ukucha. Alizisugua kwa kitambaa. Akampa mtoto wa jirani ng'ombe mmoja achezee siku nzima mchangani, na magharibi ng'ombe akarudi mweusi vile vile.

Katikati ya Shaabani, wiki tano baada ya safari ile ya kwanza, akarudi Vitongoji.

Ngwali aliketi pale pale, akageuza uso upande wa jua. Bi Rahila akamtilia bandia mkononi. Kidole gumba kikapita, kikarudi, kikapita tena, na hapana kilichotoka. Ngwali akamwinua mpaka akawa karibu kugusana na kope zake. Alimtazama kwa jicho moja muda wa kutosha kunywa kikombe cha chai. Bi Mwanamize, kwa mara hii, alinyamaza.

"Hicho kitambaa umekitia rangi gani?" Ngwali akauliza.

"Nyekundu, kaka. Si kilikuwa chekundu?"

"Sicho. Ilikuwa kanga ya njano. Ya mama."

Kanga ya njano ya mama yao kila mtu wa nyumba ile aliijua, kwa sababu ilipotea. Mama yao, Bi Laila, aliletewa doti moja na mjomba wake kutoka Mombasa, njano yenye mabaka meusi, na moja ya kanga hizo ilitoweka kwenye kamba ya kuanikia. Kamba ile ilikuwa kati ya nyumba yao na ya jirani. Jirani alikuwa Bi Mwanawema, mwanamke kijana, mgeni katika kijiji, aliyekuwa akisuka ukili na mama yao kila alasiri. Mama hakumshitaki popote. Alikunja jamvi tu, akalipeleka kusukia upande wa pili wa nyumba. Wanawake wale wawili hawakukaa tena pamoja mpaka Bi Laila alipofariki, miaka ishirini na sita baadaye. Rahila alikua akijua kwamba Bi Mwanawema ni mwizi wa kanga. Hakuna aliyemwambia hivyo kwa maneno. Alijifunza kwa kuona mama yake anavyopita mlangoni pale.

Ngwali alieleza huku akimgeuza geuza yule bandia. Asubuhi ya mchezo kitambaa chake kilikuwa kimechakaa, naye alitaka kionekane na watu wa mbali. Akaivuta kanga kambani, akidhani atairudisha kabla ya adhuhuri. Shauri Yako akaipasua kwa pembe toka pindo hadi pindo. Katika kelele na vumbi hakuna aliyetambua ni kanga ya nani, au alidhani hivyo. Akaenda kuifukia migombani. Alikusudia kusema kesho yake, na kesho yake mama alikuwa amekwisha kulihamisha jamvi, na kadiri siku zilivyokwenda neno likawa zito zaidi kinywani.

"Miaka hamsini," alisema. "Mie naonekana shujaa wa ng'ombe, na neno moja limenishinda."

Bi Mwanamize alitazama sakafu. Alikuwa ameolewa naye miaka arubaini na tano na hakuwa amelisikia hilo.

Bi Rahila hakumlaumu. Alimuuliza tu kama njano ile ilikuwa ya ndizi mbivu au ya manjano ya kupikia, na Ngwali akasema ya manjano, na mabaka yalikuwa makubwa kama ganda la korosho. Alirudi Madungu na yule bandia. Akaikwangua ile nyekundu kwa wembe, akapaka kitambaa upya kwa brashi ya nywele chache, na praima ya chini ikaipokea njano bila kinyongo. Ijumaa iliyofuata wakakutana stendi, akamshika kaka yake mkono, wakaenda Mgogoni.

Bi Mwanawema amepita themanini. Walimkuta kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, ukili mkononi, macho yake mazima kabisa. Aliwaamkua kabla hawajamwamkua, kwa majina yao. Ngwali alikaa chini mbele yake kwa taabu, magoti yakimlilia, akamtilia bandia mkononi na kusema lililomleta. Hakulizungusha. Alisema ni yeye aliyeichukua kanga, na kwamba amekuja kuomba radhi, yake na ya mama yake.

Bi Mwanawema alimtazama yule bandia wa shingo ndefu. Akagusa kitambaa cha njano kwa ncha ya kidole.

"Nilikuona ukiifukia," alisema. "Nilikuwa nyuma ya kichaka, nakata majani."

Ni Bi Rahila aliyeuliza kwa nini hakusema, wakati lawama ilikuwa yake.

"Ningesema, baba yenu angemkataza Ngwali kucheza," Bi Mwanawema alijibu. "Nami nilikuwa mgeni hapa, sina mtu. Mama yenu alasiri, na mchezo wa ng'ombe. Hivyo tu ndivyo vilivyonipendeza. Nikadhani mama yenu atasahau baada ya mwezi, nibaki na vyote viwili." Alivuta ukili, akaukaza. "Hakusahau. Nilimkosa mno mama yenu."

Alisema amekwisha kusamehe siku nyingi, na kwamba nao wamsamehe kwa kunyamaza. Kisha akamtuma mjukuu wake akachemshe chai. Ngwali alikuwa ameshika ukingo wa mkeka kwa mikono yote miwili, na kikombe kilipokuja ilibidi dada yake amshikie. Walikaa mpaka alasiri. Bi Mwanawema aliwasimulia mambo ya mama yao ambayo hawakuwahi kuyasikia, namna alivyokuwa akiogopa vyura, namna alivyokuwa akiimba kwa sauti ya kiume akidhani hapana anayemsikia, na Bi Rahila, ambaye alidhani amekwisha kumjua mama yake, alisikiliza kama mtoto. Walipoaga, Bi Mwanawema hakumrudisha bandia. Alikuwa amekwisha kumweka juu ya rafu, karibu na msahafu lakini chini yake kidogo.

Njiani Ngwali alimwomba dada yake kitu. Alitaka bandia za wanawake wawili, mkubwa na mdogo, wamekaa juu ya jamvi moja na ukili kati yao. Alitaka amwone mama yao amekaa hapo mara moja, hata kama jicho halitaona tena baada ya hapo.

Sasa wako kwenye meza ya Bi Rahila, Madungu. Wameoshwa mara mbili, mistari ya kalibu imekwanguliwa, nao wamekaa chini ya kawa, wa kijivu, hawana nyuso, mabega yameinamiana. Mvua za masika zimeingia na hewa ni nzito, siyo ya kupuliza praima. Kila asubuhi Bi Rahila hutoka uani akatazama juu. Ngwali hupiga simu baada ya sala ya alfajiri kuuliza kama Madungu kumekauka, kwa kuwa Vitongoji, anasema, kuna dalili ya jua.